Bahari Mbili za Nchi Kavu

Kunguru wa Ipogolo hamwogopi mtu. Alfajiri, baridi ya Iringa ikiwa bado haijawaachia makondakta na masweta yao, yeye huwa ameshatua juu ya paa la bati kando ya barabara kuu, kola yake nyeupe ikionekana toka mbali. Huyatazama mabasi yanavyoshusha abiria wa mjini na kuwapakia wanaokwenda Mbeya, Songea na Dar es Salaam. Kipande cha muhogo kikidondoka, wa kwanza kukifikia ni yeye. Amezoeleka kiasi kwamba hakuna anayemtazama mara mbili, na kuzoeleka huko ndiko kunakostahili kutazamwa. Kunguru huyu huyu, kwa rangi hii hii, yuko Dakar na yuko Cape Town. Amevuka maji hadi Pemba, akafika Komoro na Madagaska, na kote huko amebaki kuwa yeye. Bahari haijamfunza kuwa mwingine, kwa sababu hajawahi kukubali kuzuiwa nayo.

Mashariki ya hapo, nyuma ya vilima vya mawe vinavyouzunguka mji, nchi inazidi kuinuka mpaka inafika Udzungwa. Iringa huiona milima hiyo kwa mgongo. Uso wake unatazama Bahari ya Hindi, na huko ndiko mawingu yanakopiga hodi kwanza. Mvua humwagika kwenye miteremko ya upande wa Kilombero, na upepo ukivuka kilele kuja huku unakuwa umekwisha maji. Ndiyo maana mtu wa Ipogolo anaishi kati ya miombo na majabali, Ruaha Mdogo ukipita chini yake, naye analima vinyungu mabondeni akiufuata unyevu ulikojificha. Na safari isiyofika siku mbili inamtenganisha na misitu ambayo inaaminika imekuwa mibichi kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati zile Afrika ilipokauka na misitu mingine kurudi nyuma ikawa nyika. Bahari iliendelea kuinywesha. Kila kilichokuwa hai ndani yake kikapata kitu ambacho hakipatikani kwa urahisi duniani, nacho ni muda mrefu wa kubaki mahali pamoja.

Mwaka 1991 watafiti wa ndege kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika misitu hiyo. Ndani ya sufuria ya kitoweo waliona miguu ya ndege ambayo hawakuitambua. Ndege huyo alinaswa msituni kama kuku wa porini anavyonaswa siku zote, na walionasa walimjua vizuri tu. Vitabu ndivyo vilivyokuwa havimjui. Mwaka 1994 alielezwa rasmi kuwa kwale wa Udzungwa, akawekwa katika jenasi ya peke yake, kwa kuwa hakufanana na kwale yeyote wa Afrika. Ndugu zake wa karibu walipotafutwa, walionekana Asia, katika jamii ya kwale wa milimani wanaotembea chini ya misitu ya huko hadi Indonesia. Wataalamu hudhani kwamba zamani sana misitu ilitanda kupitia Arabuni, ndege wakatembea chini ya vivuli kutoka bara hata bara. Kisha Arabuni ikawa jangwa, daraja likakatika, na familia moja ikaachwa huku, katika misitu ya Ndundulu na Nyumbanitu, ikiparua majani makavu kwa amani.

Mtu akisikia neno kisiwa hufikiria maji. Ila kwa ndege asiyethubutu kutoka kivulini, maji na nyika ni kitu kimoja: ni mahali pasipopitika. Reginald Moreau alilitambua hilo mapema kuliko wengi. Alifika Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1928, akakaa huko mpaka 1946, na kazi yake kubwa ya ndege aliifanya pamoja na Salimu Asmani, mtu mwenye jicho na sikio la msituni, ambaye jina lake lingestahili kutajwa mara nyingi zaidi kuliko linavyotajwa. Moreau aliona kwamba ndege wa Usambara, wa Uluguru na wa Udzungwa wanaweza kufikiriwa pamoja na ndege wa Pemba na wa Komoro, na kitabu alichokitoa mwaka 1966 kilivikusanya vyote viwili, Afrika na visiwa vyake, katika jalada moja. Mwaka uliofuata Wamarekani wawili, Robert MacArthur na Edward Wilson, walichapisha nadharia yao ya visiwa. Walisema idadi ya spishi katika kisiwa ni mizani ya wanaofika na wanaotoweka. Kisiwa kikubwa huhifadhi wengi, kisiwa kilicho mbali hupata wageni wachache. Hesabu hiyo ni nzuri na imesaidia sana. Lakini inaeleza wangapi, haielezi ni akina nani. Akina nani ni swali la muda.

Pemba na Unguja zinalijibu swali hilo kwa uwazi ambao hakuna mwalimu angeweza kuupanga vizuri zaidi. Ni visiwa jirani, vyenye karafuu na minazi ile ile, na watu wanaosikilizana kwa nusu neno. Kati ya Unguja na bara bahari ni ya kina kifupi. Yapata miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yakiwa yameganda kuwa barafu na bahari ikiwa imeshuka kwa karibu mita 120, ungeweza kutoka Bagamoyo ukaenda Unguja kwa miguu. Ndege nao walikwenda na kurudi. Kwa hiyo Unguja haina hata spishi moja ya ndege isiyopatikana kwingine. Mkondo wa Pemba ni mwingine. Unashuka mamia ya mita, na bahari iliposhuka ilibaki kuwa bahari. Leo Pemba ina ndege wanne ambao huwezi kuwakuta popote pengine: bundi mdogo mwenye sauti ya noti moja inayorudiwa gizani, ninga mwenye kichwa cha kijivu, chozi mwenye rangi za metali, na kinengenenge wa njano mwenye pete nyeupe kuzunguka jicho. Ukiorodhesha ndege wote wa Pemba utamaliza mapema, na mtu aliyetoka Hifadhi ya Ruaha, ambako ndege waliohesabiwa ni zaidi ya spishi 570, ataona kisiwa ni kikiwa. Lakini karibu wote wa Ruaha wana nyumba nyingine: Zambia, Kenya, Botswana. Ukimfukuza ninga wa Pemba kutoka Pemba, umemfukuza duniani.

Komoro imelifanya jambo hili kwa ukamilifu zaidi. Visiwa vyake vinne vina bundi wadogo wanne, kila kimoja na wake. Wa Ngazidja anaishi kwenye miteremko ya mlima wa moto Karthala. Wa Nzwani alidhaniwa ametoweka kabisa hadi alipoonekana tena mwaka 1992. Wa Mwali alielezwa kisayansi mwaka 1998 tu, ingawa wakulima wa Mwali walikuwa wakimsikia tangu wazee wa wazee wao. Kisiwa na kisiwa vinaonana siku hewa ikiwa safi. Bundi hawakuhitaji bahari pana, walihitaji kutovuka tu.

Na upweke wa kisiwani una udhaifu wake. Ndege aliyezaliwa mahali pasipo na maadui wengi hajifunzi hadhari. Kunguru wa Kihindi, mweusi mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, inasemwa ili asaidie kula takataka za mji. Alikula takataka, kisha akala mayai na makinda ya ndege wadogo, kisha akavuka kwenda bara. Haikupita karne moja Mji Mkongwe ukawa na kelele zake kuliko za ndege wote waliomtangulia.

Visiwa vya nchi kavu navyo vina bahari zake, na hapo ndipo Ipogolo inapopata maana yake katika habari hii, ingawa hakuna ubao unaoitangaza. Barabara inayopita hapo inavuka bahari mbili.

Basi la Dar es Salaam likitoka Ipogolo hupita Ilula penye nyanya na vitunguu, kisha huteremka Kitonga, kona juu ya kona, breki zikinuka, mpaka linafika bondeni kwenye mibuyu ya Ruaha Mbuyuni. Abiria wanavua masweta na kufungua madirisha. Kulia kwao imesimama Udzungwa, kushoto imesimama milima ya Rubeho, na katikati Ruaha Mkuu unapita kwenye joto lake. Juu kulia, ukungu na kwale. Juu kushoto, ukungu na kwale pia, maana mwaka 2003 Jon Fjeldså na Jacob Kiure waliandika kwamba kwale amepatikana hata Rubeho. Ila hakuwa yule yule. Rangi zake zilitofautiana kidogo, na vinasaba vilipochunguzwa ikaonekana kwamba pande hizi mbili zimeachana kwa muda mrefu. Wapo wanaowahesabu kuwa spishi mbili, wapo wanaosema bado ni moja. Ubishi huo si udhaifu wa sayansi. Kutengana si tukio la siku moja, na hawa wamekutwa katikati ya safari. Dereva anakata bonde lile kwa dakika chache akitafuta mahali pa kununua vitunguu. Kwale, ambaye mabawa yake ni ya kurukia tawi la kulala na kumkimbia paka wa msituni, hajalivuka kwa enzi na enzi. Wahenga waliosema milima haikutani walikuwa wanawazungumzia binadamu, lakini kwa ndege hawa maneno hayo ni historia yao yote.

Bahari ya pili iko upande wa Mbeya. Basi hupita Mafinga, likaambaa na mashamba ya miti, mpaka Makambako, mji wa upepo na vumbi ambako njia ya Njombe na Songea inachepuka na reli ya TAZARA inapita. Msafiri haoni bonde la kutisha hapo, anaona nchi iliyo wazi na kavu kuliko ile aliyoiacha. Lakini kwa wanaosoma milima, Makambako ni pengo lenye jina. Milima ya Tao la Mashariki, vikundi 13 vinavyoanzia Taita nchini Kenya, inakomea upande huu. Ng'ambo ya pengo ni ulimwengu mwingine: Kipengere, Kitulo, Livingstone, Rungwe, milima ambayo sehemu yake imejengwa na volkano. Chozi mwenye mabawa mekundu, aliyegunduliwa Mwanihana mwanzoni mwa miaka ya 1980, hajawahi kupatikana nje ya Udzungwa. Pengo lilimsimamisha, kama lilivyomsimamisha kwale.

Wengine halikuwasimamisha. Kuna kurumbiza mdogo wa hudhurungi anayeitwa kwa jina la Iringa, naye yupo Udzungwa na yupo pia upande wa Njombe, kwa kuwa anavumilia misitu mikavu zaidi. Na kuna kipunji, tumbili mwenye nywele za kusimama utosini, ambaye dunia ya sayansi ilimfahamu mwaka 2005: makundi yake yako Rungwe na Kitulo, kisha yanakatika, kisha yanaibuka tena Ndundulu, mamia ya kilomita mbali. Njia nyepesi ya kueleza jambo hilo ni kwamba zamani, mvua zilipokuwa nyingi, miti ilishikana mikono juu ya Makambako. Bahari hii basi imekuwa ikijaa na kupwa. Na mbayuwayu wa buluu, anayezaa kwenye nyasi za Kitulo, haioni hata kidogo. Baada ya kulea huruka kaskazini mpaka pande za ziwa Viktoria na kurudi msimu ukifika. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na upana wa pengo haupimwi kwa kilomita.

Kwamba hofu ya nafasi wazi inaweza kuwa ukuta kamili, hilo limepimwa mbali na hapa. Mto ulipozibwa kwa ajili ya Mfereji wa Panama, uliofunguliwa mwaka 1914, maji yalipanda yakageuza kilima kimoja kuwa kisiwa, Barro Colorado, na tangu hapo ndege kadhaa wa msituni wametoweka humo ingawa miti imelindwa vizuri. Karibu karne moja baadaye watafiti waliwachukua ndege wa msitu huo kwa mashua, wakawaachia juu ya ziwa kwa umbali mbalimbali kutoka ufukweni. Spishi nyingine ziliruka bila shida. Nyingine hazikuweza kumaliza hata mita 100. Zilizunguka, zikashuka, zikaangukia majini na kuokolewa na mashua. Ndege wenye mabawa kamili, wenye afya, walishindwa na urefu wa uwanja wa mpira.

Kinengenenge ndiye anayeukamilisha utata wote huu. Yuko Pemba, na jamii yake iko Taita, Pare Kusini, Mbulu, Kilimanjaro, kila mlima na wa kwake. Wa milimani wengi wana pete pana nyeupe machoni, na kwa miaka mingi wataalamu waliwaona ni ndugu wa tumbo moja waliopanda milima pamoja. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha vingine. Wanaofanana sana si ndugu wa karibu. Baadhi yao wana undugu wa karibu zaidi na vinengenenge wa nyanda za chini wasiofanana nao. Kwa hiyo baridi ya juu huwachonga hata wasiojuana wakafanana, na upweke huwatenganisha hata waliozaliwa pamoja. Jicho la binadamu lilidanganywa na pete. Mtu akilitafakari hilo ataona jinsi orodha za ndege zilivyo mbali na kukamilika, na jinsi kilima chochote chenye msitu wa asili kati ya hapa na Taita kinavyoweza kuwa kimebeba mtu wa kwake ambaye bado hajapewa jina kitabuni.

Kwa sababu hiyo inauma kuona upweke wa aina nyingine ukiongezeka. Kati ya Iringa na Makambako, wilaya ya Mufindi imejaa kijani. Kuna chai iliyokatwa sawasawa. Kuna mipaini ya Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini, na milingoti katika kila kiwanja cha mtu anayesomesha watoto. Malori ya mbao na nguzo hupita Ipogolo mchana na usiku, na nyumba nyingi za Dar es Salaam zinasimama juu ya jasho la Mufindi. Hakuna wa kulaumiwa kwa kupanda mti unaolipa ada. Lakini katikati ya kijani hicho vimebaki vipande vya msitu wa asili, na ndege wa kivulini aliye ndani ya kipande haoni msitu akitazama mipaini. Chini yake hakuna majani yanayooza, hakuna wadudu wake, hakuna kivuli cha ngazi tatu nne. Naye amekuwa mkazi wa kisiwa, kama kwale. Tofauti ni kwamba kwale alipewa mamilioni ya miaka na eneo la kutosha, na huyu amepewa miongo michache na eka chache. Kwa muda huo hawezi kuwa spishi mpya. Anachoweza ni kupungua.

William Newmark aliliona hilo Usambara, alikoanza kunasa na kuwavisha pete ndege wa vipande vya msitu mwishoni mwa miaka ya 1980, akarudi mwaka baada ya mwaka. Kipande kinavyokuwa kidogo na mbali na msitu mkubwa, ndege wa chini ya miti wanazidi kukosekana, na wanaobaki leo si dhamana ya kesho. Katika milima hiyo hiyo kulikuwa na Derema, ukanda wa msitu uliojaa mashamba ya iliki, unaounganisha Amani na misitu jirani. Serikali iliamua kuufunga ili uwe njia ya kupita viumbe. Wakulima walilipwa fidia na kuacha iliki zao, na malalamiko kuhusu fidia hiyo hayakwisha haraka, kwa haki kabisa, maana kilichokuwa kinanunuliwa ni kipato cha kila mwaka cha familia nzima. Njia ya ndege imelipiwa na watu wenye majina. Atakayetaka kuunganisha vipande vya Mufindi, au kuupanua ukingo wa Nyumbanitu, atakutana na familia za aina hiyo, na itambidi aje na mfuko mzito na masikio mepesi ya kusikiliza.

Kazi yenyewe haina ukubwa wa kutisha. Sehemu nyingine ni ukanda wa mita mia chache kando ya kijito, ambako sheria tayari inakataza kulima hadi ukingoni. Miti ya asili ikiachwa iote humo, na moto wa kiangazi ukizuiwa, vichaka vitatangulia, miti ya mwanga itafuata, na kivuli kitakuja baada ya miaka mingi. Kurumbiza wa Iringa huenda akawa wa kwanza kuujaribu ukanda huo, kwa kuwa yeye amezoea ukavu. Wengine watahitaji vizazi kadhaa vya binadamu. Kwale hatavuka kabisa, wala si lazima avuke. Kwake kinachotakiwa ni Ndundulu na Nyumbanitu zibaki na ukubwa wake, mitego itoke, na watu wa vijiji vya karibu wapate nyama na kuni kwa njia isiyowapeleka kule juu. Hayo yanaweza kufanyika na kizazi kilichopo sasa, kwa bajeti za halmashauri zilizopo sasa, na wataalamu waliosoma Morogoro ambao wanaijua milima hii kwa miguu yao.